Kiti cha Mbele cha Shangazi

Usiku wa kuamkia leo niliota Shangazi amekuja kusimama dirishani kwangu, akaniuliza kama nimeshapata jibu.

Shangazi ni gari letu. Marehemu mume wangu ndiye aliyelipa jina hilo, kwa sababu likipanda mlima wa kuja Tukuyu lilikuwa linalalamika njia nzima, halafu likifika linanyamaza kama si lenyewe lililokuwa likisema. Tangu tumzike limekaa uani, ubavuni mwa migomba. Jana mwanangu Ambokile alikuja na Fundi Lwitiko wakalikagua mchana kutwa. Fundi akasema linatengenezeka, ila kazi ipo, kuanzia injini mpaka gia. Ambokile akasema kazi ya nini, yeye ataniletea gari jingine dogo, jipya kidogo, na mtu wa kuniendesha Jumapili kwenda kanisani. Hili la zamani atalichukua mnunuzi wa chuma chakavu, akalikatekate. Alipokuwa anaaga akanishika bega.

"Mama, fikiria. Asubuhi nakuja na mnunuzi. Ukisema tulitengeneze, tutalitengeneza. Ukisema liende, liende. Lakini useme."

Nikalala bila jibu. Na sasa Shangazi huyu hapa dirishani.

"Bado," nikamwambia.

"Mke wetu," akasema Shangazi, "mimi nimesimama kwenye mvua. Fanya upesi."

Taa yake moja ilikuwa inawaka, nyingine amefumba. Nikamwuliza amefikaje dirishani na injini haiwaki. Akasema amekuja kwa miguu. Nikachungulia chini nikaona kweli, magurudumu yamejaa matope hadi magotini. Nikaona hilo limejibika. Nikavaa kandambili nikatoka.

Nje ni mchana. Barazani kumekaa watu, wamekaa kama ukoo uliokuja kwenye kikao, wananingoja. Nikiwakaribia naona si watu, ni vipuri. Ni vile vya zamani vyote vilivyowahi kutolewa kwenye Shangazi vikatupwa: rejeta ya kwanza, pampu ya maji, betri, mkanda wa feni, springi ya nyuma iliyokatika msimu wa mvua kubwa. Rejeta ndiye mkubwa wao. Amejifunga leso kifuani, pale alipotoboka.

Nikawasalimia, nikawapikia chai. Mgeni ni mgeni.

Rejeta akanywa, akapangusa midomo, akasema wamekuja kwa sababu wamesikia kuna habari ya kutengeneza. Wao wanauliza, anatengenezwa nani? Shangazi halisi ni wao. Walitolewa mmoja mmoja, mwaka huu huyu, mwaka ule yule, na yule anayesimama pale uani kila kiungo chake ni cha kuazima. Wenzake wakaitikia. Pampu ya maji alitaka kuongeza neno lakini chai ilikuwa inamvuja, akaona aibu akanyamaza.

Nikafikiri. Mimi mwenyewe meno ya mbele si yangu, macho nayaazima kwenye miwani, na goti la kushoto siku za baridi silijui kabisa. Lakini akija mtu mlangoni akiita mama Ambokile, ni mimi ninayeitika.

"Anayeitwa akaitika ndiye mwenyewe," nikawaambia. "Rejeta, nikikuita Shangazi utaitika?"

Rejeta akatazama chini. Akasema hajazoea.

Geti likafunguka lenyewe, likaingia gari dogo jeupe. Viti vyake bado vimevalishwa nailoni. Likasimama mbele yangu, likainamisha pua kwa adabu, likasema maneno laini sana kwa Kijapani.

"Marahaba," vipuri vyote vikaitikia.

Nikajua hili ndilo la Ambokile. Nikalikaribisha. Nikaliuliza kama linafahamu kona ya daraja la mbao, pale ambapo Baba Ambokile alikuwa lazima apunguze mwendo hata kama hakuna mbuzi, kwa kuwa siku moja walikuwepo. Likasema yale yale kwa Kijapani. Nikaliuliza kama linamfahamu Baba Ambokile. Likasema yale yale. Nikaingiza kichwa dirishani kunusa. Hapakuwa na harufu ya mtu. Lilikuwa gari zuri, tulivu, na halikuwa linafahamu marehemu hata mmoja.

Nikalihurumia. Lilikuwa limetoka mbali, na hapa hakuna wa kuongea nalo. Nikalitilia chai, likaiangalia tu.

"Basi wapimwe," akasema mtu. "Matengenezo yakiwa mazito kuliko gari, gari limekwisha. Ndiyo sheria."

Hayo ni maneno ya Ambokile, hupenda kuyasema. Lakini aliyeyasema hakuwa yeye. Alikuwa kuku wangu wa madoadoa, yule anayeatamia kwenye kiti cha nyuma cha Shangazi. Nikiangalia, baraza halipo. Tupo kituo cha kununulia majani ya chai, mizani inaning'inia kwenye boriti, na kuku ndiye karani. Amechomeka kalamu sikioni, ingawa kuku hana sikio la kuchomeka kalamu.

Vipuri vikajipanga, vikaingia kwenye gunia kimoja kimoja. Kuku akalitundika. Mshale ukazunguka, ukazunguka, boriti ikalia. Kisha akamtundika Shangazi kwa bampa lake la mbele. Shangazi ananing'inia, anatikisika, analalamika kwamba katika ukoo wao hakuna aliyewahi kufanyiwa haya.

Mshale haukusogea. Umekaa kwenye sifuri.

"Gari lisilo na mtu halina uzito," akasema kuku.

"Basi naingia," nikasema.

Nikafungua mlango wa nyuma nikakaa mahali pangu, nyuma ya dereva. Ndipo ninapokaa hata mchana, nikimaliza kazi. Nachukua ufumaji wangu naenda kukaa humo na kuku. Kiti kinanijua. Jirani akipita barabarani akaniuliza ninakwenda wapi, namwambia nimeshafika.

Mshale haukusogea.

"Abiria wa nyuma hahesabiwi," akasema kuku.

Nimekaa kiti hicho tangu gari liingie nyumbani kwetu, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Nina kitendawili changu ambacho wajukuu wakija likizo wanakishindwa kila mara: nyumba yangu, mgeni hukaa sebuleni na mwenyewe hukaa uani. Jibu ni Shangazi: sebule ni kiti cha mbele, ua ni kiti cha nyuma. Kwetu mkamwana hakutani na baba wa mume wake. Ukimwona anakuja njiani unachepuka kwenye majani mpaka apite. Jina lake hulitaji, na mpaka leo sijalitaja, namwita Mzee. Alipokaa yeye hukai. Kiti cha mbele cha Shangazi, cha abiria, kilikuwa chake. Akiwemo, mimi nilibaki nyumbani. Asipokuwemo, kiti kilikuwa bado chake, kwa hiyo nilikaa nyuma. Mzee akafa, kiti kikabaki chake. Uso wa mume wangu nilikuwa nauona mezani. Njiani nilikuwa na kisogo chake. Kisogo kile nakijua kuliko mkono wangu, na kovu lake dogo la kinyozi.

"Nani anahesabiwa?" nikamwuliza kuku.

"Dereva."

Nikashuka nikaenda mlango wa dereva. Nao haufunguki. Siku za nyuma sana Shangazi aliuegemeza kwenye nguzo ya geti la kanisa, ukaumana, haukufunguka tena. Baba Ambokile hakuona shida. Alikuwa anaingilia kushoto, anapita juu ya kiti cha baba yake akijivuta kwa makalio, mpaka kwenye usukani. Yeye ni mtoto wa Mzee, anaruhusiwa. Kwa miaka yote hiyo, kufika kwenye usukani wa Shangazi ilikuwa ni kupita kwenye kiti cha Mzee.

"Pita hapo," akasema Shangazi. "Mimi naumwa bampa."

Nikazunguka, nikafungua mlango wa kushoto. Mzee amekaa.

Nikageuka haraka nikajifunika kanga usoni. Niliona kofia tu, na fimbo imesimamishwa katikati ya magoti. Nikasimama nimempa mgongo. Mtu wa hivyo huongei naye, unatuma mtu. Sina wa kumtuma ila kuku. Kuku akaweka kalamu, akaruka akasimama kwenye dirisha.

"Mzee anauliza ni nani huyo," akasema kuku.

"Mwambie ni mkamwana wake. Mwambie naomba njia."

Kuku akaingiza kichwa ndani, akakitoa.

"Anasema pita."

"Mwambie siwezi kupita naye amekaa."

Kichwa ndani, kichwa nje.

"Anasema analijua hilo. Lakini na yeye hajaambiwa aende wapi. Amekaa hapa tangu azikwe, anangoja mtu amwambie."

Tulikuwa tumekaa gari moja, yeye mbele, mimi nyuma, mchana wote ule na ufumaji wangu, na mimi nikidhani niko peke yangu.

Kuku akatoa tena kichwa. "Anasema, kitendawili."

Mzee alikuwa fundi wa vitendawili. Jioni alikuwa anakaa upande wake wa ukuta na watoto wangu, anawategea, na mimi niko jikoni upande wa pili nageuza ndizi. Sauti ya mkamwana haitakiwi kusikika kwa Mzee, kwa hiyo nilikuwa najibu moyoni. Karibu vyote nilikuwa navijua. Watoto wanahangaika, wanasema konokono, wanasema moshi, nami jibu nimelishika mdomoni kama sindano. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia neno.

"Tega," nikasema.

Nilisema mwenyewe. Sikumtuma kuku.

Kisha kuku, kwa sauti ya chini: "Anasema, kiti kimejaa, hakuna aliyekaa."

Jibu nalijua. Ninyi pia mnalijua, limekaa nyuma ya mgongo wangu. Nikavuta pumzi nilitamke, halafu nikajizuia. Nikijibu, nimeshinda, mchezo umekwisha, na Mzee amekaa pale pale. Lakini anayeshindwa kitendawili hutoa mji. Anampa mtegaji mji mzima, aende akaumiliki.

"Mwambie nimeshindwa," nikasema.

Vipuri ndani ya gunia vikanong'onezana. Rejeta akasema hata yeye amekipata.

"Anasema basi toa mji," akasema kuku.

Nikampa Tukuyu.

"Anasema mvua. Mifupa yake haitaki."

Nikampa Mbeya.

"Anasema Mbeya alishapewa na watoto wako, mara nyingi."

Nikampa Dar es Salaam, waliko wanangu wengine.

"Anasema huko watu wakienda hawarudi, wanapiga simu tu."

Nikakubali, hilo ni kweli. Nikafikiri tena. Nikampa Matema, kule chini ziwani, na mchanga wake, na samaki wa kukaangwa, na joto lake zuri kwa mzee mwenye mifupa.

Kisha nikasikia springi za Shangazi zinapanda taratibu, kama gari linavyopanda mtu mzito akishuka. Fimbo ikagusa chini. Nyayo zikapita nyuma yangu. Sikugeuka, nilikaza kanga. Zikaenda, zikaenda, zikaisha.

"Anasema amepokea," akasema kuku. "Anasema jibu ulikuwa nalo."

"Amejuaje?"

"Anasema siku zote alikuwa anakusikia jikoni. Ulikuwa unacheka kabla watoto hawajajibu."

Nikakaa kwenye kiti cha mbele. Kilikuwa kiti tu. Nikajivuta kwa makalio kama alivyokuwa anafanya yeye, nikafika kwenye usukani. Miguu haikugusa kitu. Baba Ambokile alikuwa mrefu, kiti amekisukuma nyuma mpaka mwisho, nami nimekaa pale kama mtoto kwenye benchi la kanisa.

"Kuna chuma chini ya kiti," akasema Shangazi. "Kivute."

Nikamwambia kimeliwa na kutu. Jana Lwitiko na Ambokile wamekipiga kwa nyundo, hakikutikisika.

"Walinipiga. Hawakuniomba."

"Naomba, Shangazi."

Kiti kikasogea mbele chenyewe, polepole, kama mtu anayekupisha kwenye mkeka. Miguu yangu ikafika kwenye pedeli. Nikaweka mikono kwenye usukani, pale palipochakaa na mikono yake. Kule juu mshale ukaanza kuzunguka. Ukapita pale gunia la vipuri lilipofika, ukaendelea. Kuku akafungua mdomo autaje uzito, boriti ikakatika.

Tuko barabarani. Ni barabara ya Kyela, mteremko mtupu, Shangazi anashuka bila injini, na upepo unaingia kila mahali. Mashamba ya chai yanapita, migomba inapita, miti ya kokoa inapita. Naendesha. Sijui nimejifunza wapi, mikono inajua. Vipuri vinakimbia nyuma yetu vimeshikana. Gari jeupe linatufuata kwa mbali, kila likikutana na ng'ombe linainama na kumwambia kitu kwa Kijapani.

Nikatupa jicho kwenye kioo kidogo cha juu. Baba Ambokile amekaa nyuma. Amekaa mahali pangu, magoti yamekunjwa mpaka kidevuni, ufumaji wangu ameushika mikononi, hajui aufanye nini. Ananiangalia kisogo.

Nikataka kugeuka.

"Dereva hageuki," akasema Shangazi.

Basi nikamwangalia kwenye kioo. Kioo ni kidogo, kinatosha macho tu. Tukaenda hivyo. Tukafika kona ya daraja la mbao nikapunguza mwendo, ingawa mbuzi hawakuwepo. Nikaona macho yake yamecheka.

"Mama Ambokile," akasema.

"Abee."

"Kumbe huku nyuma kuna baridi hivi."

"Ipo."

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kugeuka," nikamwambia.

Akafikiri. "Dereva hageuki," akasema.

"Najua," nikamwambia. "Sasa najua."

Akajifunika miguu kwa ufumaji wangu. Mbele, chini kabisa, ziwa likaanza kuonekana, jeupe kama sahani. Pale honi ikapigwa, kwa nguvu, mara nyingi, na haikuwa ya Shangazi. Ilikuwa ya lori, getini kwangu.

Nikaamka. Kumekucha, mvua inanyesha. Nikajifunga kanga nikatoka na kandambili. Ambokile ameshaingia uani na mnunuzi wa chuma chakavu, mtu mmoja mpole mwenye koti la mpira. Wameshafunga mnyororo kwenye bampa la mbele la Shangazi. Shangazi yuko pale pale ubavuni mwa migomba, kimya. Kuku wangu amekaa kwenye kiti cha nyuma, hanitazami.

Ambokile akanisalimia, akaniuliza nimelalaje, kisha akauliza kama nina jibu. Nitamwambia mwanangu nini, kwamba nimepimwa kwenye mizani ya chai? Nikasema sijui. Akatazama mnunuzi, akatazama saa, akasema basi Mama, tulivute tu mpaka barabarani, mengine tutaongea huko. Nikaona amekwepa kumtazama Shangazi, naye ni mtoto wa mwenye gari.

Akafungua mlango wa kushoto ili akashike usukani wakati lori linavuta. Akajivuta kwa makalio juu ya kiti, kama baba yake. Mimi nikaangalia pembeni, kwa mazoea.

Nikasikia, "Aaa."

Nikaangalia. Ambokile, ambaye urefu wake ni wa baba yake, amebanwa. Magoti yamegonga usukani, tumbo limeshikwa, hawezi kuingia wala kutoka.

"Mama," akasema, "nani amesogeza hiki kiti?"

Nikakitazama kiti.

"Jana tumekipiga nyundo, mimi na Lwitiko. Kiligoma. Nani amekisogeza?" Akainama, akapeleka mkono chini, akavuta. Hakikwenda. Akavuta kwa mikono miwili. Kiti kimekaa pale pale mbele, kwa urefu wa miguu yangu.

Mnunuzi akaja kuchungulia dirishani. Akasema kwa upole kwamba magari ya zamani yana mambo.

Nikaenda kwenye bampa, nikainama, nikaanza kufungua mnyororo. Mnunuzi alipoona vidole vyangu havina nguvu akanisaidia.

"Mama, unafanya nini?"

"Natoa jibu," nikamwambia. "Mwite Lwitiko. Mwambie aanze na mlango wa dereva."

"Mlango? Injini imekufa, gia hazishiki, wewe unasema mlango?"

"Hayo mengine atayafikia. Kwanza mlango. Halafu utanitafutia mtu wa kunifundisha kuendesha."

Ambokile akaacha kuhangaika na kiti. Akaniangalia kupitia kioo cha mbele chenye ufa, mvua inatiririka katikati yetu. Akauliza taratibu, kama anavyoulizwa mtu mgonjwa, ninataka kwenda wapi.

"Matema," nikasema. "Kuna mtu nimempa mji kule, nataka nikaone kama amefika."

Hakucheka. Akafuta ukungu kwenye kioo kwa kiganja.

"Na utakwenda na nani?"

"Na wewe. Lakini utakaa mbele," nikamwambia. "Nyuma kuna baridi."